Mbona sioni siasa katika kitabu hiki?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha fasihi sekondari, Tanga. Tuna kikundi chetu cha kusoma, watu tisa, na mwezi huu tumesoma kwa Kiingereza kitabu cha Mjerumani Heinrich Böll, Die verlorene Ehre der Katharina Blum, yaani “Heshima Iliyopotea ya Katharina Blum”. Tuliambiwa ni hadithi ya kisiasa. Tumemaliza na tumegawanyika. Wengine wanasema ni kisa cha upelelezi tu, maana hakuna chama humo, hakuna uchaguzi, hakuna hata hotuba moja. Wengine wanasema mwandishi anatetea mauaji. Mimi mwenyewe nilichoshwa na yale mahojiano ya polisi, mabishano ya neno moja moja mpaka basi. Tunakosa nini? Au ni lazima kwanza tusome historia ya Ujerumani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nawapongeza kwa kukimaliza. Ni kitabu chembamba, lakini kina majina mengi na kinarukaruka mbele na nyuma, na nimeona wasomaji wazuri wakikiacha katikati.

Nianzie pale ulipochoka, kwa sababu siasa uliyoitafuta iko hapo hapo.

Kwa wenzetu ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Katharina Blum ana miaka 27, ameachana na mumewe, anatunza nyumba ya wakili mmoja, Blorna, na mkewe. Ni mchapakazi, ameweka akiba, ana Volkswagen yake na nyumba anayoilipia kidogo kidogo. Jumatano tarehe 20 Februari 1974, wakati wa karnivali, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, anaalikwa kwenye dansi nyumbani kwa mama yake wa ubatizo. Huko anakutana na kijana, Ludwig Götten, anacheza naye usiku kucha, kisha wanaondoka pamoja kwenda nyumbani kwa Katharina. Kijana huyo anasakwa. Asubuhi polisi wenye silaha wanavamia nyumba na hawamkuti. Katharina amekwisha kumwonyesha njia ya kutokea kupitia mapito ya mabomba ya jengo. Kuanzia hapo gazeti moja kubwa, ambalo Böll analiita GAZETI tu, kwa herufi kubwa, linamvaa yule dada. Jumapili, saa sita na robo mchana, Katharina anampiga risasi mwandishi wa gazeti hilo. Saa moja na dakika nne usiku anagonga mlango wa ofisa mmoja wa polisi na kujisalimisha.

Haya yote yanasemwa kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Wanaosema ni kisa cha upelelezi waulize: upelelezi gani unaomtaja muuaji kabla hadithi haijaanza? Böll ameondoa mapema lile swali la “nani kaua” ili tubaki na jingine: ilikuwaje mwanamke mtaratibu namna hii afike hapa ndani ya siku nne?

Sasa rudi kwenye chumba cha mahojiano. Polisi wanaandika maelezo ya Katharina. Anaeleza kuhusu wanaume waliokuwa wakimsumbua kwenye hafla alizokwenda kusaidia kazi. Kwenye karatasi inaandikwa kwamba wanaume hao walimfanyia zärtlich, yaani kwa mahaba, kwa upole wa mapenzi. Katharina anakataa. Wale walikuwa zudringlich, walikuwa wa kushikashika, wa kujilazimisha. Wanamwambia ni mamoja. Yeye anasema si mamoja hata kidogo: mahaba ni ya watu wawili, kushikashika ni kwa mmoja. Na anaongeza kwamba ndoa yake ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo, mumewe hakuwa mtu wa mahaba hata siku moja, alikuwa wa kushikashika siku zote. Bila neno lile kusahihishwa, hasaini.

Vivyo hivyo kuhusu waajiri wake. Yeye anasema walikuwa gütig kwake, wema, wema wa moyoni. Mwandikaji anaweka nett, ambayo ni kama kusema “watu wazuri”, neno unaloweza kumpa mtu yeyote aliyekusalimia vizuri dukani. Anakataa tena. Anapendekezewa neno la tatu, kwa hoja kwamba gütig ni neno la kizamani, na hapo anakasirika kweli.

Yeyote aliyewahi kuandikisha maelezo kituoni anaijua hali hii. Unasema kwa maneno yako, yanaandikwa kwa maneno ya mwingine, halafu unaambiwa weka saini hapa. Wengi tunasaini ili tuondoke. Katharina, mtunza nyumba aliyetoka familia maskini, hasaini. Anakaa pale saa nyingi, amechoka, anasota juu ya neno moja. Mimi sijui tendo la kisiasa lililo wazi kuliko hilo katika kitabu kizima. Anadai haki ya kwamba maisha yake yaitwe kwa majina yake.

Na ona jinsi anavyosemeshwa. Kamishna Beizmenne, alipoingia nyumbani kwake asubuhi ile, inasemekana alimuuliza swali moja la matusi kuhusu yeye na Götten, tena kwa du, “wewe” ya Kijerumani ambayo mtu mzima hamwambii mtu mzima asiyemjua. Kiswahili hakina viwakilishi viwili kama hivyo, lakini tunajua vizuri mama mzima akiitwa “wewe, hebu njoo” huwa amekwisha kushushwa kabla ya swali kuulizwa. Mwandishi wa gazeti naye, sekunde chache kabla ya kufa, anamwambia Katharina maneno ya namna ile ile: tena “wewe”, tena jina la kumbembeleza linalochezea ubini wake kana kwamba ni kiua kidogo, kisha pendekezo chafu kwa neno la mtaani ambalo kwa Kijerumani ni tendo la kitandani na pia ni kishindo. Katharina analishika neno hilo hilo kwa maana yake ya pili, na bastola inalia. Kwa Kiingereza mchezo huo wa neno haushikiki vizuri, ndiyo maana nakueleza.

Sasa chukua masikio uliyoyapata kwenye chumba cha mahojiano uyapeleke kwenye kurasa za GAZETI. Wakili Blorna, akiwa likizo mlimani, anaulizwa na mwandishi kuhusu Katharina. Anajibu kwamba ni mwerevu, mwenye kichwa kilichotulia. Gazetini inatoka: ana moyo wa barafu, ni mtu wa mahesabu. Mwalimu mstaafu ambaye Katharina alikuwa akimsaidia kazi anasema: kama Katharina ana msimamo mkali, basi ni mkali katika kusaidia watu, katika kupanga mambo na katika akili. Gazetini: ni mtu wa msimamo mkali kwa kila hali, alituhadaa kwa ustadi.

Na mama yake. Mama yuko hospitali, amefanyiwa upasuaji wa saratani, hali yake ni mbaya, daktari amekataza wageni. Mwandishi, jina lake Tötges, anajifanya fundi wa rangi na kuingia mpaka kitandani. Anamweleza mgonjwa habari za bintiye. Mama anauliza: “Kwa nini ilibidi yaishe hivi, kwa nini ilibidi yafike hapa?” Gazetini yanatoka maneno ya mama: ilikuwa lazima yafike hapa, ilikuwa lazima yaishe hivi.

Lisome hilo kwa sauti mkiwa kikundini. Kilichoondoka ni “kwa nini” tu. Kwa kuondoa maneno hayo, uchungu wa mama umegeuzwa hukumu ya mama juu ya mwanawe. Tötges ana maelezo yake: amezoea kuwasaidia watu wa kawaida kujieleza. Mama anafariki muda mfupi baada ya ziara ile.

Ninaomba mliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu wasomaji wengi husema tu “gazeti lilidanganya” na kupita. Tötges habuni kitu hewani. Kila mara kuna punje iliyotoka kinywani mwa mtu halisi, ambayo msemaji hawezi kuikana yote. Ndipo ilipo nguvu ya mchezo wenyewe. Wakili hawezi kusema hakuongea na mwandishi. Alisema kitu, na kitu kile kinafanana kwa mbali na kilichochapwa.

Mnauliza siasa ya vyama iko wapi. Ipo, lakini iko kwenye simu. Yupo mheshimiwa mmoja, Sträubleder, mwenye viwanda na mwenye vyeo, ambaye amekuwa akimfuatafuata Katharina; alimlazimishia pete ya thamani na ufunguo wa nyumba yake ya shamba. Polisi wanamsaka “mgeni wa kiume” aliyekuwa akifika kwa Katharina, naye Katharina hamtaji. Kabla jina la mheshimiwa halijachafuka, mshirika wake Lüding anapiga simu: S. atoke kabisa, B. aingie kabisa. Herufi mbili, basi. S. tunamjua, B. ni wakili Blorna au Blum mwenyewe, majina yote mawili yanaanza hivyo. Hakuna hotuba inayohitajika pale ambapo mtu anaweza kuingizwa au kutolewa kwenye ukurasa wa mbele kwa simu moja ya mwisho wa wiki.

Ningekuwa nakifasiri kwa Kiswahili, kichwa chenyewe kingenikosesha usingizi. Kwa Kijerumani heshima ya Katharina “imepotea”, kama mtu aliyedondosha kitu njiani. Kiswahili hakisemi hivyo. Kwetu mtu huvunjiwa heshima, na neno “kuvunjiwa” linadai mara moja tuulize nani aliyevunja. Ningeandika “Heshima Iliyopotea” ningekuwa mwaminifu kwa kichwa. Ningeandika “Katharina Blum Alivyovunjiwa Heshima” ningekuwa mwaminifu kwa kitabu. Mpaka leo nayumba kati ya hayo mawili.

Kuhusu historia: huhitaji kuisoma yote. Lakini mambo machache yatakufungulia mlango.

Böll alizaliwa Köln mwaka 1917. Hitler alipochukua madaraka yeye alikuwa na miaka 15, na vita vyote alivipitia akiwa askari wa kawaida, akarudi kwenye mji uliokuwa kifusi. Kizazi chake kilikuwa kimeona maneno yakitumika kumgeuza jirani kuwa mdudu. Katika mihadhara aliyoitoa Frankfurt mwaka 1964 alisema anatafuta lugha inayokalika katika nchi inayokalika. Nimekaa na msemo huo miaka mingi. Kukalika, kama nyumba: paa lisivuje, mlango ufungike. Mkisoma Katharina anavyopigania “wema” dhidi ya “watu wazuri”, mnamwona mtu anayetaka lugha yake ikalike.

Kisha linakuja sakata lenyewe. Desemba 1971 benki iliporwa Kaiserslautern na polisi mmoja akauawa. Tarehe 23 gazeti la Bild, lenye kuuza nakala kwa mamilioni, likaandika kwamba genge la Baader-Meinhof linaendelea kuua. Hilo lilikuwa kundi dogo la mrengo wa kushoto lililoshika silaha. Ulrike Meinhof, mmoja wa viongozi wake, alikuwa mwandishi wa habari. Wakati ule polisi walikuwa bado hawajathibitisha nani aliyepora. Tarehe 10 Januari 1972 Böll akaandika makala kali katika jarida la Der Spiegel. Hakuwatetea wenye bunduki. Alihesabu kwamba hii ni vita ya watu 6 dhidi ya milioni 60, akataka sheria ifuate mkondo wake, na akalishambulia Bild kwa maneno mazito sana. Nisiwafiche: baadaye ilithibitika kwamba kundi lile ndilo lililohusika na uporaji ule. Lakini hoja ya Böll ilikuwa juu ya kutamka hukumu kabla ya kujua, na hoja hiyo haikuanguka.

Kichwa cha makala yake yeye alikiandika kwa maana ya “Upendo mwingi namna hii kwa mpigo mmoja”. Wahariri wakakibadili, wakaweka swali kuhusu “Ulrike” na kama anataka rehema. Jina la kwanza tu, kana kwamba ni mdogo wake. Nchi nzima ikasoma kichwa hicho, na Böll akawa “mwenye huruma na magaidi”. Tarehe 1 Juni 1972, siku walipokamatwa Frankfurt baadhi ya vinara wa kundi, polisi walikwenda kuikagua nyumba yake ya kijijini Langenbroich. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Kitabu kikatoka 1974, na mbele yake Böll akaweka tangazo: wahusika na kisa ni vya kubuni, lakini kama mwenendo wa waandishi wa kitabuni utafanana na wa Bild, kufanana huko hakukukusudiwa wala si bahati nasibu, hakukuweza kuepukika.

Kuna la kuongeza ambalo mimi hulipenda sana kulisimulia, kwa kuwa ni kama sura ya ziada iliyoandikwa na maisha. Novemba 1974, baada ya jaji mmoja kuuawa Berlin, mchambuzi mmoja wa televisheni alimtaja Böll kuwa miongoni mwa waliorutubisha ardhi ya ukatili, na akanukuu maneno yake vibaya. Böll akaenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, na tarehe 3 Juni 1980 mahakama hiyo ikaamua kwamba kumnukuu mtu isivyo hakulindwi na uhuru wa maoni. Unaweza kuwa na maoni yoyote juu ya mtu. Huna ruhusa ya kumwekea mdomoni maneno ambayo hakuyasema. Katharina angeielewa hukumu hiyo neno kwa neno.

Sasa wale wenzenu wanaosema anatetea mauaji. Swali lao ni la haki na msiwanyamazishe. Katharina anasema alizunguka mjini kuanzia saa sita na robo mpaka saa moja jioni akiitafuta toba moyoni, hakuipata. Ni sentensi nzito, na Böll haiwekei mto wa kuilainisha. Lakini soma kichwa kidogo cha kitabu: jinsi Gewalt inavyoweza kuzuka na inakoweza kuelekea. Gewalt ni ukatili, lakini pia ni mamlaka. Ni neno lile lile kwa nguvu za dola. Kiswahili hapa kina bahati, kwa sababu “nguvu” yetu inafanya kazi hiyo hiyo: nguvu za dola, kuingia kwa nguvu, kushika kwa nguvu. Hesabuni nguvu zilizotumika tangu Alhamisi asubuhi: mlango, matusi, simu zinazosikilizwa kwa siri, barua za matusi zinazomiminika, kitanda cha mgonjwa. Risasi ndiyo ya mwisho katika mfululizo, na ndiyo peke yake inayopelekwa kortini. Mimi sisomi hapo utetezi. Nasoma mtu anayeonyesha njia hatua kwa hatua na kukataa kuanza kusimulia kwenye hatua ya mwisho.

Msisahau pia Götten ni nani. Kelele zote zinamfanya muuaji hatari. Mwishowe tunaambiwa ni mtoro wa jeshi aliyekomba fedha kwenye sefu. Mwizi, ndiyo. Gaidi, hapana. Jambo hilo linasemwa haraka haraka kuelekea mwisho, na wengi hulipita bila kusimama.

Kama mtapata nafasi ya kurudia kipande kimoja tu, rudieni kile cha gari. Polisi wanapiga hesabu za kilomita za Volkswagen yake na kukuta maelfu yamezidi. Wanaamini wamenasa safari za siri. Katharina hajawahi kuulizwa jambo hilo, hata yeye mwenyewe hajawahi kujiuliza. Anafikiri, kisha anaeleza: jioni baada ya kazi, hasa mvua ikinyesha, alikuwa akiingia garini na kuendesha tu, bila pa kwenda, kwenye barabara zenye miti. Halafu anasema labda ni woga. Anawajua wanawake wengi wanaoishi peke yao ambao jioni hulewa mbele ya televisheni. Wapelelezi wanakaa kimya. Upweke wote wa mtu umetolewa na hesabu ya mafuta, mbele ya wanaume wenye kalamu. Kila nikifika hapo huweka kitabu chini kwanza.

Kina udhaifu, na ni vizuri mkautaja. Tötges hana undani. Ni mwovu toka kichwani hadi miguuni, na Böll, aliyekuwa na subira ya kumwelewa kila mtu, hapa aliishiwa nayo. Msimulizi naye, anayejifanya mtoa taarifa na kuzungumzia mifereji na madimbwi ya maji kila anapotaka kupanga habari zake, anachosha. Hapo ulipochoka nami nilichoka. Lakini kwenye mahojiano, hapana, hapo sikubaliani nawe.

Kikao kijacho wapeni wawili kazi ya kusoma kwa kupokezana: mmoja asome alichosema mtu, mwingine asome kilichochapwa. Msijadili kwanza. Halafu kila mmoja wenu achukue sentensi aliyowahi kuisema na ikarudi kwake imegeuzwa, kazini, msibani au kwenye kundi la simu. Baada ya hapo ndipo muulizane kama hiki ni kitabu cha siasa.

Na mkitaka kuendelea na Böll, tafuteni Fürsorgliche Belagerung ya mwaka 1979, yaani kuzingirwa kwa kulindwa. Humo anageuza meza: mzee mwenye gazeti ndiye anayelindwa usiku na mchana dhidi ya magaidi, mpaka ulinzi wenyewe unamgeukia jela, na familia yake haiwezi kupumua. Wenzenu waliodhani Böll anawachukia wote wenye magazeti watashangaa jinsi anavyomhurumia mzee yule. Huenda jina lake mnalijua tayari kwa njia nyingine, maana taasisi inayoitwa kwa jina lake, iliyo karibu na chama cha Kijani cha Ujerumani, ina ofisi Nairobi. Mkianza kukisoma niandikie mmefika wapi, hasa ukurasa utakaowagombanisha.